Kijiti Chini ya Godoro

"Deodata! Hiki ni nini?"

Audax alikuwa ameinua godoro alitoe juani, ndipo alipokiona: kijiti cha mtete, kimefungwa uzi mwekundu karibu na ncha. Mkewe aliingia mbio akitoka jikoni, mikono imelowa maji.

"Mungu wangu! Umekitoa wapi?"

"Upande ninaolala mimi. Nakuuliza, ni nini?"

"Ungesubiri Jumamosi tu, mume wangu."

Audax hakusubiri. Alikilaza kijiti sakafuni, akakikanyaga kwa mguu wa kulia, ule mbovu. Kisigino kwenye ncha ya pili, kidole gumba kwenye uzi. Sawasawa, hakuna kilichozidi.  Wiki ya tatu sasa mguu ule umevimba, anachechemea hadi kanisani, na kila siku mama yake, Bi Esperansia, humwambia: mwanangu, kuna mtu kakuchukulia unyayo akuroge.

"Umenipima unyayo," alisema.

"Nimekupima, ndiyo. Ukiwa umelala. Nakununulia viatu vya ndoa, Audax! Si uliniambia tangu uzaliwe hujawahi kuvaa kiatu kipya? Nilikata vijiti viwili. Kimoja kaenda nacho rafiki yako Malongo huko Kahama, hiki nimebaki nacho nihakikishe asije akanibambikia saizi nyingine."

"Viatu viko wapi?"

"Analeta Ijumaa."

"Mpigie."

Deodata alipiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Jamani, mitandao ya simu nayo ina siku zake za kuvunja ndoa za watu.

Bi Esperansia aliingia bila hodi.

"Shikamoo mama," Deodata alisema.

"Shikamoo yako baki nayo! Audax, mimi nilikwambia nini?"

Deodata alipiga magoti. "Mume wangu, huo mguu unatobolewa na msumari. Kile kiatu chako cha mtumba kina msumari kwenye soli. Nimekuonyesha mara ngapi? Ndiyo maana nikauza maharage yangu."

Msumari Audax aliujua. Lakini mwanaume akishajazwa maneno na mama yake, hata malaika ashuke kutoa ushahidi, haambiliki. Alimshika mkewe mkono, akamburuta hadi uwanjani. Majirani walishaanza kusogea.

"Audax, niite malaya. Niite mwizi. Hilo lingine usiniite mbele ya watu, nakuomba."

"Mchawi! Toka kwangu, mchawi wewe!"

 Deodata alifunga kanga yake vizuri, akashika njia ya kwao Mugoma. Miaka minne wameishi pamoja, tangazo la tatu lilishasomwa kanisani, ilibaki kubariki ndoa Jumamosi.

Siku zilizofuata Audax alishinda nyumbani peku, na mguu ukaanza kunywea.

"Unaona?" mama yake alisema. "Katoka mchawi, mguu unapona."

Ijumaa asubuhi pikipiki ilisimama uwanjani kwa Audax, kijijini Keza. Alikuwa Malongo na boksi.

"Audax! Simu yangu imeibiwa Kahama, nimehangaika mimi! Yuko wapi shemeji Deodata? Mwambie nimepata vilevile alivyotaka, vyeusi, vya kamba."

 Audax alifungua boksi. Ngozi ikanukia upya. Ndani ya kiatu cha kulia kulikuwa na kijiti cha mtete, uzi mwekundu kwenye ncha.

Malongo alipoondoka, Audax alivivaa. Vikaingia vizuri, havikubana wala kupwaya. Hapo, ndugu zangu, furaha ilimpanda kabla hajakumbuka kitu. Miaka thelathini na mbili, kiatu ambacho hakuna mguu wa mtu mwingine uliowahi kukikanyaga! Alizunguka uwanja, akarudi, akazunguka tena, anacheka peke yake.

"Deo! Deo, njoo uone!"

Nyumba ilikuwa kimya. Audax alikaa chini palepale akalia. Kisha alileta kile kiatu cha mtumba, akakipindua. Msumari ulikuwepo, una damu iliyokauka.

Aliandika ujumbe: "Deo viatu vimefika. Nimekukosea sana. Nisamehe mke wangu." Haukujibiwa. Akapiga simu, ikaita hadi ikakata.

Jumamosi, saa ile ambayo wangekuwa mbele ya padri, Audax alifika Mugoma amevaa ndala, boksi kwapani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu Mzee Rogasian, baba yake Deodata, na kiti hakumpa. "Deodata, una mgeni."

Deodata alitoka ndani. Alikuwa amekonda kwa siku chache tu.

"Turudi nyumbani," Audax alisema. "Nilikuwa mjinga."

"Jana kisimani wanawake wote wamenipisha. Hakuna aliyenijibu salamu. Neno lako limefika Mugoma kabla yangu."

"Nitalifuta. Nitasimama kanisani niseme mbele ya watu wote."

"Utasimama. Na wao watasema nimekuroga mpaka mdomo."

 Deodata alilitazama boksi.

"Vaa nikuone."

Alivaa haraka, akafunga kamba. Deodata aliinama, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba kutafuta kidole cha mumewe kilipoishia. Akatabasamu, tabasamu lake lile lile, na Audax akajua amesamehewa.

"Vimekukaa. Malongo hakukosea."

"Havibani hata kidogo, mke wangu."

"Sasa tembea nikuone."

Alitembea hadi kwenye migomba mwisho wa uwanja, mgongo wima. Akageuka huku anacheka na machozi yanamtoka.

"Endelea," Deodata alisema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwako. Nilivinunua uende mbali usichechemee."

"Deo..."

"Nenda, Audax. Mimi nimeshakuona."

Aliingia ndani, akafunga mlango. Mzee Rogasian alibaki amesimama pale, akisubiri mgeni aondoke.

Audax aliondoka. Njia nzima mguu haukumuuma.