Nani wa Mwisho?

Kinyozi wa jirani alikuwa ananyoa kiti kitupu.

Chiriku alimwona kupitia upenyo wa mlango, siku aliyotumwa chumvi akapita njia ndefu kwa sababu zake mwenyewe. Jua lilikuwa la utosi na barabara haikuwa na mtu. Ndani, mzee alikuwa ameinama nyuma ya kiti, kitana mkono mmoja, mkasi mkono wa pili, anakata hewa. Shuka jeupe lilikuwa limetandazwa na kufungwa shingoni kama kawaida. Tatizo ni kwamba shingo yenyewe haikuwepo.

Alikwenda mbio nyumbani kumwambia mama yake. Mama alikuwa fundi nguo, mdomo umejaa pini, akamjibu bila kuzitoa.

"Achana na wazee wa watu. Chumvi iko wapi?"

Chumvi hakuwa nayo, na habari ya kiti ikaishia hapo.

Mji ulikuwa mdogo na kila mtaa ulikuwa na vituko vyake. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyesalimia nguzo za umeme, akasubiri kabisa kuitikiwa. Kulikuwa na mama mmoja aliyewapa kuku wake majina ya wifi zake ili apate kuwagombeza kwa nafasi. Kwa akina Chiriku kituko kilikuwa kinyozi. Watoto walimwita Mzee Bado, kwa sababu neno "tayari" halikuwahi kumtoka. Ukimuuliza kama amemaliza, alisema bado. Akimaliza kweli, alikuvua shuka kimyakimya, akalikung'uta mlangoni na kuangalia pembeni mpaka uinuke mwenyewe. Jambo lake la pili ni kwamba adhuhuri hakutaka mtu kwenye benchi lake, hata mvua ikinyesha. Alidai anapumzika. Lakini duka lake na nyumba ya akina Chiriku vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na Chiriku akiwa upande wa pili aliusikia mkasi kila adhuhuri: kacha, kacha, kacha. Mtu gani anapumzika na mkasi mkononi?

Chiriku alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Kichuguu kwa umbo la kichwa chake, kipana chini na chembamba juu. Jina lilikuwa la kumtania na yeye alilipokea kama cheo. Baba yao alikuwa dereva wa lori. Nyumbani alionekana kwa nadra, na kila alipoonekana alifundisha adabu. Moja ya adabu hizo ilikuwa ya kwa kinyozi. Ukiingia, alisema, usijitupe tu kwenye benchi kama gunia. Uliza nani wa mwisho. Atakayejibu, huyo ndiye unayemfuata, na hapo nafasi yako ni yako, hakuna wa kukuruka. Kichuguu aliipenda sana adabu hiyo. Aliuliza nani wa mwisho hata kwenye mlango wa choo.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Chiriku aliambiwa ampeleke mdogo wake akanyolewe. Wangefika asubuhi, kama si kupitia kwanza mtaa wa pili kutazama mbuzi aliyekwama kwenye uzio. Walipofika kwa Mzee Bado, vivuli vilikuwa vimejificha chini ya miguu yao. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Mzee mwenyewe alikuwa uani anachota maji, ndoo ilisikika. Chiriku alitaka waondoke, lakini Kichuguu alishaingia.

Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, na chini yake harufu nyingine, ya udongo wa mahali ambapo jua halijawahi kufika. Shuka lilikuwa juu ya kiti. Safari hii lilikuwa na mabega.

Kichuguu alisimama wima, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.

"Nani wa mwisho?"

"Mimi," kikajibu kiti.

Haikuwa sauti nzito wala ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu mstaarabu aliyengoja muda mrefu na sasa amefurahi kupata mwenziwe. Ndoo ikaanguka uani. Mzee Bado alitokea akiwa ameloa mpaka magotini, akamwangalia mtoto, akakiangalia kiti.

"Nani ameuliza?" alinong'ona. "Niambieni, wajukuu zangu. Nani ameuliza?"

"Mimi, babu," Kichuguu akasema. "Namfuata huyo hapo."

Mzee aliwasukuma nje, akafunga mlango, akawaketisha kwenye kivuli cha ukuta. Akawaeleza kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni. Alipofungua duka lile akiwa kijana, adhuhuri moja alikosa wateja, na kwa mzaha akakung'uta shuka, akainama kwa madaha mbele ya kiti kitupu na kuita, "Anayefuata!" Kiti kikalia. Alipogusa, akakuta nywele. Hazikuonekana, lakini zilikatika, na kukatika kwake kulisikika. Yule aliyekaa akamwambia waziwazi makubaliano yalivyo: siku utakayosema tayari nitasimama, nitashika mimi mkasi, na anayefuata atakaa hapa nilipo.

"Na akikaa?" Chiriku aliuliza.

"Sijui, binti yangu. Ndiyo maana miaka yote nasema bado. Na ndiyo maana sikutaka mtu amfuate." Akaitazama mikono yake. "Siku hizi mkasi unaniponyoka. Ukianguka chini, nimemaliza."

Kuanzia siku ile nyumba yao haikutulia. Mama alisikia mkasi ndani ya kabati la nguo, akalifungua, akakuta nyuzi zote zimekatwa sawasawa kwa urefu wa kidole. Harufu ya nywele zilizoungua iliingia kwenye mito, kwenye maji ya kunywa, kwenye unga. Na kila adhuhuri Kichuguu aliacha alichokuwa anafanya, awe anacheza au anakula au amelala, akainuka, akatembea bila kutazama kushoto wala kulia mpaka kwenye benchi la Mzee Bado, akakaa ameinamisha kichwa kama mtu anayenyolewa kisogo, na Chiriku alipomvuta mkono aliuona mwepesi na baridi, na alipomwita jina lake alijibu kwa upole, bila kuinua uso, kwamba asimsumbue kwa sababu akitoka atapoteza nafasi.

Mama alimfungia ndani. Walimkuta kwenye benchi, mlango ungali umefungwa. Alimfunga kwa kamba ya kupimia nguo, akalia huku akimfunga, na kamba ikakutwa imekatwa vipande vya urefu wa kidole.

Ndipo akaitwa mganga. Alikuwa mtu wa maneno mengi na ndevu nyingi zaidi. Alifukiza ubani mlangoni, akasema majini wa vinyozi ni dagaa kwake, akaingia na mkoba wake. Walimsikia akikemea. Kisha wakamsikia akiomba radhi. Alipotoka, upande mmoja wa ndevu haukuwepo, ngozi imekuwa laini kama ya mtoto. Alikwenda zake katikati ya barabara akijishika shavu, mkoba akauacha.

Mzee Bado alisimama mlangoni akimwangalia anavyoishia. Halafu akamwangalia Kichuguu kwenye benchi, na mama aliyepiga magoti mbele ya mwanawe akimshika miguu.

"Mama mtu, inuka," alisema. "Mimi ndiye niliyeita. Siwezi kuacha mtoto wa watu akae kwa niaba yangu."

Akaja akachuchumaa mbele ya Kichuguu. Alizungumza naye kama wanavyozungumza watu wazima kwenye foleni.

"Kijana, samahani. Nina haraka kidogo. Unaweza kunipisha?"

Kichuguu alifikiri. Adabu ilikuwa adabu.

"Pita, babu," akasema. "Lakini mimi nabaki nyuma yako."

"Najua," mzee akajibu, na Chiriku akaona macho yake yamejaa machozi. "Utabaki nyuma yangu. Nitajitahidi nisiwe na haraka."

Akaingia. Akasema, kwa sauti ambayo mtaa mzima ulikuwa haujawahi kuisikia, "Tayari."

Shuka likainuka. Liliinuka polepole, likapita urefu wa mzee, likapita urefu wa mlango, likajikunja chini ya dari ili litoshe, kisha likakung'utwa mara moja kwa nguvu na kikaanguka chini kitu kingi kisichoonekana, kilichosikika kama nyasi kavu zinazomwagwa sakafuni, na Mzee Bado akakaa kwenye kiti chake mwenyewe ambacho hakuwahi kukikalia, shuka likamzunguka shingo, na mkasi ukaondoka mezani ukaenda hewani nyuma ya kichwa chake chenye mvi. Kacha.

Chiriku alikuwa ameshika mlango aufunge, na ndipo alipomsikia mzee akisema, kwa sauti ya kuudhi ya wale wateja waliomkera maisha yake yote:

"Mbona unapunja huku? Anza upya. Na usinibane shingo."

Aliufunga mlango. Kichuguu kwenye benchi alipiga chafya, akauliza kama yule mbuzi ameshatolewa.

Wapangaji hawakupatikana kwa duka lile, na mwenye nyumba aliacha kujisumbua. Mama alizeeka, akafariki. Kichuguu alikua, akawa fundi umeme, akaoa, akahamia mji mwingine, akapata watoto wenye vichwa kama chake. Yale ya utotoni aliyakumbuka kama ndoto za homa. Chiriku hakuhama. Walikuja wanaume wawili watatu kumposa, na kila mmoja alitaka kumpeleka kwake, naye akakataa. Alishika cherehani ya mama yake, na kila adhuhuri alisimamisha gurudumu, akaegemeza sikio ukutani.

Mkasi ulikuwa unaendelea. Na mzee alikuwa analalamika. Kisogo hakijakaa sawa. Upande huu umezidi. Hebu nione kwenye kioo, la, sijapenda. Chiriku wakati mwingine alicheka peke yake, na wakati mwingine alilia, kwa sababu sauti ilizidi kuwa nyembamba mwaka hadi mwaka, na kichwa cha mtu kina nywele kiasi chake.

Yeye zake hakuzikata tena tangu siku ile. Alizisokota, akazitunza, akazipaka mafuta, zikashuka mabegani, zikashuka mgongoni, zikafika kiunoni, akazikunja juu ya kichwa na kuzifunga kwa kitambaa mpaka shingo ikamuuma. Watoto wa mtaa walimwita Bibi Furushi. Walichungulia dirishani kumwona kizee anayesikiliza ukuta, wakakimbia wakicheka, na yeye hakuwakasirikia. Kila mtaa na kituko chake, na huu ulikuwa umempata yeye.

Kichuguu alikuja kumtembelea siku moja peke yake, ana kitambi na mvi za kwanza. Walikuwa mezani, anasimulia jinsi mwanawe mdogo alivyojifungia ndani ya gari, wakati Chiriku alipomsikia mzee ukutani, kwa sauti ya mtu aliyekesha usiku mwingi mno:

"Haya. Sina la kusema tena. Imekaa vizuri."

Mkasi ukanyamaza. Shuka likakung'utwa mara moja. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita juu ya meza, na ile sauti ya kistaarabu aliyoisikia mara moja tu maishani ikaita, si kwa nguvu, kama mtu anayejua atasikika:

"Anayefuata!"

Kichuguu aliacha sentensi katikati. Akaweka kijiko. Akainuka, uso umelala, akaanza kutembea.

Chiriku alimwahi mlangoni. Alijua kuvuta hakusaidii. Alijiweka mbele yake, akamtazama usoni kwa kumwinamia kidogo, kama vile bado ni mfupi kuliko yeye.

"Kaka, samahani," alisema neno alilolifanyia mazoezi kwa umri mzima. "Nina haraka kidogo. Nipishe."

Kichuguu alisimama. Midomo yake ilichezacheza. Kisha katika uso ule wa mtu mzima akatokea mtoto wa baba yake, mikono nyuma, aliyesimama wima.

"Pita, dada," akasema. "Nabaki nyuma yako."

"Rudi mezani ule. Chakula kitapoa. Na usiuze nyumba hii, umenisikia? Wanao wakija, usiwapeleke hapo mlangoni."

Alitoka. Jua lilikuwa la utosi. Mlango wa kinyozi ulikuwa wazi nusu, na ndani kiti kilikuwa kitupu, safi, kimegeuzwa kumwelekea. Mzee Bado hakuwepo. Nywele nyeupe tu zilikuwa zimejaa sakafuni. Chiriku alizikanyaga polepole, kwa heshima, akakaa. Shuka likaja likamzunguka shingo, baridi mpaka kwenye meno. Alifumba macho, akafungua kitambaa, na nywele zake zote zikaporomoka nyuma ya kiti mpaka sakafuni.

Nyuma yake mkasi ulisita.

"Umeona kazi?" Chiriku akauliza. "Anza na ncha, moja moja. Na nikuambie mapema, mimi ni mteja msumbufu."