Kichupa chenye Picha ya Twiga

Kwa miaka sita Qiu Yanping alikuwa akibandika lebo. Alifanya kazi katika kiwanda cha protini za utafiti mashariki mwa mji wa Wuhan. Vichupa vilimfikia mezani, kila kimoja kidogo kama kidole gumba, na ndani yake unga mweupe kiduchu. Alivibandika lebo na kuvipanga kwenye maboksi yenye barafu, kisha maboksi yakaenda kwa watafiti. Mstari wa mwisho wa kila lebo ulisema hivi: "Kwa utafiti wa maabara tu. Si kwa matumizi ya binadamu." Aliubandika mara nyingi mno hata akaacha kuusoma.

Mumewe alikuwa fundi wa reli katika mkoa wa mbali. Kwa hiyo binti yao Ruoxi, wa miaka kumi, alilelewa zaidi na bibi yake mzaa baba, Bibi Wen. Kila siku saa kumi Bibi Wen alisimama kwenye lango la shule pamoja na bibi wengine kumngoja mjukuu. Shule ile iliwatoa watoto kwa mstari, mfupi mbele, mrefu nyuma. Ruoxi alikuwa wa kwanza mstarini tangu darasa la kwanza.

Wale bibi hawakuwa na huruma. Mmoja alimuuliza Bibi Wen kama mjukuu wake analishwa mchele nusu kikombe. Mwingine alisema ni heri msichana, maana mvulana mfupi hapati mke. Bibi Wen alicheka nao, lakini moyoni alikuwa anaungua.

Siku moja ya Juni mashine za kiwandani ziliharibika, wafanyakazi wakaruhusiwa saa saba mchana. Yanping alipofika nyumbani alimkuta Ruoxi kitandani. Nje joto lilikuwa kali, lakini mtoto alijifunika blanketi na kutetemeka. Tumboni alikuwa na uvimbe mwekundu.

Yanping alikimbilia friji kutafuta maji baridi. Nyuma ya chupa ya pilipili aliona vichupa viwili. Kila kimoja kilikuwa na picha ya twiga anayecheka. Alikijua kichupa kile kwa umbo na kwa kifuniko chake. Aliibandua picha kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na mstari ule ule.

Bibi Wen alikuwa akimenya mizizi ya yungiyungi kwa ajili ya supu ya mbavu. Hakugeuka.

"Mama, hii ni nini?" Yanping aliuliza.

"Dawa ya kurefuka. Usinianze."

"Umemdunga mtoto?"

"Jana mara moja, na leo alipokuja kula mchana. Yule Shen wa duka la simu aliniuzia na kunifundisha. Pale langoni wote wanawadunga wajukuu. Wewe unashinda kiwandani, nani anayemwona mtoto huyu akitangulizwa mbele kila siku kama bendera?"

"Hiki nimekibandika mimi, Mama. Kwa mkono huu."

Bibi Wen aligeuka, uso umemng'aa. "Kumbe ni ya kiwandani kwenu! Basi wasiwasi wa nini? Shen anasema ina usafi wa asilimia tisini na saba. Hata maji ya bomba hayafiki hapo."

Yanping alitamani kuivunja sahani iliyokuwa mbele yake. Alimkasirikia mama mkwe. Alimkasirikia Shen na twiga wake. Lakini kilichomchoma zaidi kilikuwa lebo yake mwenyewe. Miaka sita amebandika onyo, na hakuwahi kumuuliza mtu sababu yake.

Alipanda mbio hadi ghorofa ya nne, kwa Luo Meizhen. Meizhen alifanya kazi kiwanda hicho hicho, katika chumba cha kupima ubora. Alishuka na kandambili, akamgusa mtoto shingoni, akakitazama kichupa. Alisema maneno yatasubiri, kwanza hospitali, na kichupa kiende pia ili daktari ajue mtoto amechomwa nini.

Hospitalini Ruoxi aliwekewa dripu. Joto la mwili lilikuwa limepita nyuzi thelathini na tisa na presha ilikuwa imeshuka. Daktari alisema wamewahi. Hakusema nini kingetokea kama wangechelewa, na Yanping hakuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Kwenye benchi la nje Bibi Wen alikuwa bado anabisha. Alisema pengine mtoto amekula kitu kibaya shuleni. Meizhen alimgeukia.

"Bibi, nisikilize. Ndani ya ubongo wa kila mtu hutoka homoni moja. Kazi yake ni kuiambia tezi ndogo iliyo chini ya ubongo: toa homoni ya ukuaji. Watafiti wanataka kuijua vizuri, na sisi tunawatengenezea."

"Basi inarefusha," Bibi Wen alisema.

"Unajua tunaitengenezaje? Tunachukua maagizo ya kuiunda homoni hiyo, tunayatia ndani ya bakteria, wa jamii ya wale wanaokaa utumboni. Bakteria wanaiunda kwa wingi. Kisha tunawapasua na kuchuja."

Bibi Wen akauliza kwa sauti ndogo, "Na hiyo asilimia tatu iliyobaki?"

"Humo mna makombo ya bakteria. Kwenye chupa ya maabara yanaweza yasimsumbue mtu. Kwenye mwili wa mtoto yanaleta homa kali, presha inaanguka, na mtu anaweza kufa. Dawa ya sindano lazima isafishwe mpaka makombo hayo yapungue kabisa, ithibitishwe haina vijidudu, na ijulikane mtoto wa kilo ngapi achomwe kiasi gani. Unga huu haukufanyiwa hata kimoja. Haukutengenezwa kwa ajili ya mtu."

"Kwa nini hamkuniambia?" Bibi Wen alimuuliza mkwe wake. Yanping alijibu kwamba hata yeye hakuwa anajua. Walikaa hapo wawili, kila mmoja amemkasirikia mwenzake na amejikasirikia mwenyewe, mpaka waliposikia Ruoxi akiomba maji ndani.

Homa ilishuka baada ya siku mbili. Wiki iliyofuata walimpeleka kwa daktari wa ukuaji wa watoto. Daktari aliupiga picha mfupa wa mkono wake na kumpima damu. Alitazama pia vipimo vya urefu vya shule vya miaka mitatu. Mtoto alikuwa anaongezeka sentimita tano na nusu kwa mwaka. Mifupa yake ilikuwa nyuma ya umri wake kwa karibu miaka miwili, kwa hiyo bado alikuwa na muda wa kukua. Alipomuuliza Yanping naye alirefuka lini, Yanping akakumbuka kuwa hata yeye alirefuka akiwa na miaka kumi na tano. Daktari alisema mtoto hahitaji sindano. Ale vizuri, alale mapema, acheze, na arudi baada ya miezi sita. Mtoto anayeongezeka chini ya sentimita tano kwa mwaka ndiye wa kuletwa kupimwa, na akihitaji dawa atapewa na hospitali.

Yanping aliingia kwa meneja na kichupa mkononi. Namba ya kichupa ilionyesha kuwa kiliagizwa na maabara ya chuo. Chuo hicho hakikuwepo. Mzigo ulikuwa umepelekwa kwenye duka la simu la Shen. Meneja alisema kiwanda kimeandika onyo, lililobaki ni juu ya mnunuzi.

"Onyo nimelibandika mimi," Yanping alisema. "Mtu akaja akalifunika kwa twiga, na nyinyi mkamtumia boksi jingine. Nani alipiga simu kuuliza hicho chuo kiko wapi?"

Yanping na Meizhen waliandika taarifa kwa idara ya dawa ya serikali. Mwezi huo duka la Shen lilifungwa, na kiwanda kikaagizwa kumhakiki kila mnunuzi kabla ya kutuma mzigo.

Lakini Bibi Wen hakuungoja mwezi uishe. Siku Ruoxi alipotoka hospitali, alisimama langoni na kuwaeleza wenzake kila kitu, hata sehemu zinazomtia aibu. Wengine walimwambia anawaonea wivu. Mmoja alisema mjukuu wake amechomwa mara sita na ni mzima.

"Wangu naye alikuwa mzima mpaka wakati wa chakula cha mchana," Bibi Wen alimjibu. "Cheka ukitaka. Lakini nipe hivyo vichupa."

Kufikia Alhamisi alikuwa na vichupa kumi na kimoja kwenye mfuko wa mboga. Alivimwaga mezani mbele ya mkwe wake. Yanping alivibandua twiga kimoja kimoja. Alisema watavipeleka vyote idara ya dawa kesho asubuhi.

"Havijatimia," Bibi Wen alisema. "Shen aliwauzia bibi wenzangu kumi na watano. Waliorudisha ni wanane. Saba bado wanavyo kwenye friji."

Akavaa viatu.

"Saa hizi, Mama?"

"Wanadunga kabla ya chakula cha jioni," Bibi Wen alisema. "Vaa na wewe. Mimi najua wanakoishi."