Nyuma Pawe Peupe

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mume wangu akichelewa robo saa nauliza, na akiwahi nauliza vilevile. Ndiyo maana mdogo wangu, tuliyezaliwa naye wawili tu, hakuwa ananiita dada. Siku moja tukiwa wadogo nilimpekua mkoba wa shule nikakuta chura mzima ndani yake, na kuanzia hapo jina langu likawa Afande. Afande, kuna chai? Afande, nikopeshe mwavuli. Hata siku ya harusi yangu alisimama mbele ya watu akanipigia saluti, wakwe zangu wakabaki wanatazamana.

Mungu alinipa huyo mmoja tu, na mama alipokuwa anaondoka duniani aliniachia mimi nimwangalie. Kwa hiyo alipokuja kuniambia kwamba amepata kazi ya kutunza farasi, nilimuuliza maswali mpaka akaziba masikio. Farasi mwenyewe ni mmoja tu, jike, mweusi tii, mali ya mama mmoja mjane anayeishi nje kidogo ya mji. Kazi ni kumlisha, kumpiga brashi na kumtembeza uwanjani. Mdogo wangu alilala hukohuko, na kila alipokuja kutusalimia niliona amepungua. Nikimwambia, anacheka. Shati lake la kazi lilichanika mfuko, nikamshonea kwa uzi mwekundu kwa kuwa ndio uliokuwepo.

Mume wangu ni mpiga picha, na mimi ndiye ninayezisafisha picha zake kwenye kompyuta. Studio yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Mama mwenye farasi alipotaka picha ya farasi wake pamoja na mtunzaji, mdogo wangu akamtaja shemeji yake. Tukaenda wote wawili, mchana wa saa tisa, jua likiwa kali.

Mama yule alitukaribisha sebuleni kwanza. Ukutani zilitundikwa picha tatu kubwa, mstari mmoja. Zote zina farasi mweusi mwenye kidoa cheupe cha ukubwa wa haragwe juu ya jicho la kushoto. Kila moja ina mwanamume wake aliyeshika kamba: wa kwanza ana kofia ya mtindo wa kizamani, wa pili ana masikio makubwa, wa tatu ni kijana mwembamba. Nyuma yao hakuna kitu. Peupe tu, utadhani wamesimama mbele ya shuka.

"Hawa ni nani, mama?" nikauliza.

"Watunzaji wake wa zamani."

"Na sasa wako wapi?"

"Wapo," akasema, akanisogezea sukari.

Machale yakanicheza. Picha ya kwanza ilikuwa imegeuka rangi kwa uzee, na farasi haishi miaka yote hiyo. Nikauliza kama ni mama yake farasi huyu, au bibi yake. Akatabasamu, akasema wa ukoo huo wanafanana sana. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Uwanjani mdogo wangu alikuwa amesimama tayari, kamba mkononi. Nyuma yao kulikuwa na majani, ukuta mrefu wa mbao, na mbingu. Hakukuwa na mtu yeyote. Nasema hivyo kwa sababu nilitazama, na mimi nikitazama natazama.

Sasa nieleze kidogo kazi yetu, maana balaa lilianzia hapo. Farasi mweusi anakula mwanga. Ukimpimia yeye mwanga, kamera inafungua jicho mpaka kila unywele unaonekana, lakini vya nyuma vinaungua, vinakuwa vyeupe pe. Ukipimia mbingu, nyuma panatoka vizuri na farasi anabaki bonge la mkaa. Mume wangu ana njia yake: anaifunga kamera kwenye stendi, anapiga moja ya farasi na moja ya nyuma bila kuitikisa, halafu mimi naziunganisha.

Alipoanza kumweleza mama yule, alikatizwa.

"Mpimie farasi. Nyuma pawe peupe."

"Lakini mama, tutapoteza mbingu yote, na ilivyo nzuri leo..."

"Hiyo ya pili usipige, mwanangu. Sitaki kionekane kitu nyuma yake." Alisema kwa upole. "Na kesho saa sita mchana niwe nimeitundika."

Mume wangu akaitikia. Ila namjua. Kwake yeye kutoa picha iliyoungua nyuma ni sawa na kutoka nje bila suruali. Akapiga ya farasi. Mama alipogeuka kumpapasa mnyama wake shingoni, nikasikia kamera ikilia mara moja zaidi. Sikio la farasi likageuka kuelekea kwetu. Mama hakugeuka.

"Afande," mdogo wangu akanong'ona nilipomsogelea kumfuta jasho la uso. Hakuwa na jasho. "Huku nyuma kuna baridi."

Mgongo wangu ulikuwa unaungua kwa jua. Nilimwambia atakuwa na homa, ameze dawa.

Kesho yake nilikaa kwenye kompyuta saa tano na dakika chache, baada ya kufua. Nikafungua picha ya kwanza. Farasi ametoka vizuri, mdogo wangu anacheka, nyuma peupe. Nikafungua ya pili, ile ya wizi.

Mbingu ya buluu. Majani. Ukuta wa mbao. Mbele, farasi na mdogo wangu wamekuwa vivuli viwili vyeusi, kama ilivyotarajiwa. Na kwenye ukuta wamesimama watu watatu.

Nikakuza picha. Kofia ya kizamani. Masikio makubwa. Kijana mwembamba. Kila mmoja amenyoosha mkono, amefumba ngumi, ameshika kamba. Kamba zinashuka mpaka kwenye majani na kuishia hapo, hazikufungwa kitu. Wote wanatazama kamera. Pembeni ya yule mwembamba pameachwa nafasi ya mtu mmoja. Kamba ya nne imetundikwa hapo kwenye mbao, inasubiri.

Nilimwita mume wangu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hapakuwa na mtu," akasema kwa sauti ya chini.

"Ile nyeupe usiichape," nikamwambia. "Tutamwambia imeharibika."

"Nimeshaichapa. Nilimpelekea asubuhi wakati unafua."

Saa ilikuwa tano na nusu. Sikumbuki nilivyopanda pikipiki. Nakumbuka nilikuwa pekupeku, na nilikuwa naomba Mungu kwa sauti, na mume wangu hakuniambia ninyamaze.

Tulimkuta uwanjani, palepale alipopigiwa picha. Amesimama. Farasi amesimama. Nikamwita, hakuitika. Nikamshika mkono nimnyang'anye ile kamba, vidole vikagoma. Baridi. Nikaanza kuvifungua kimoja kimoja. Nikifungua kimoja, kingine kinajifunga.

"Mwachie," nikawa nasema, sijui nasema na nani. "Mwachie, nakuomba."

Ndani ya nyumba nyundo ikagonga. Mara moja. Nikavuta. Mara ya pili. Mume wangu akaja tukavuta wote. Mara ya tatu.

Vidole vikafunguka vyenyewe.

Mdogo wangu akanitazama kama aliyeamshwa usingizini. Akatufuata bila neno. Nilidhani mama yule atatoka na kelele, atatuzuia. Alikuwa dirishani, nyundo bado mkononi. Akatupungia mkono, kwa ukarimu kabisa, kama mtu anayeaga wageni. Hapo ndipo nilipopaswa kushuku. Mimi, mtu wa kushuku tangu nazaliwa, siku hiyo moja sikushuku. Nilikuwa nalia kwa furaha, nimemkumbatia mdogo wangu kwenye pikipiki.

Nyumbani alioga, akala, akalala. Kesho yake alikaa barazani akitazama njia. Nilimuuliza anajisikiaje, akasema vizuri. Nikamuuliza kama anakumbuka lolote, akasema hapana. Alijibu alichoulizwa tu. Nikasema moyoni ni uchovu, atachangamka.

Siku ya tatu, asubuhi, nikakaa kwenye kompyuta niifute ile picha. Sikutaka ilale tena ndani ya nyumba yangu. Nikaifungua mara ya mwisho, nihakikishe ndiyo yenyewe.

Mbingu ya buluu. Majani. Farasi yupo, mweusi, peke yake. Kivuli kilichokuwa kimemshika hakipo.

Kwenye ukuta wako wanne.

Nikakuza. Wa nne amesimama kwenye ile nafasi, amefumba ngumi, kamba mkononi. Shati la kazi. Mfuko umeshonwa kwa uzi mwekundu. Wale watatu wamefunga midomo, yeye mdomo wake uko wazi, kama anayemwita mtu aliye mbali.

Jikoni vikombe vikagongana. Nikasikia miguu ikija taratibu kwenye ukumbi, ikasimama nyuma ya mlango wa studio.

"Dada," akaniita, kwa sauti ileile ya mdogo wangu. "Dada, kuna chai?"