Masikio ya Fundi Ondiek

Naapa kwa nywele zangu zote, hizi chache zilizobaki, kwamba habari hii ni kweli tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Atakayenikamata na uongo hata mmoja nitamnunulia sahani ya viazi karai kibandani kwa Nafiso, pamoja na ukwaju wake wa kuchovya.

Kule Kayole, Nairobi, kando ya barabara ya Spine, kuna banda la juakali wanakotengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mwenye banda ni Mzee Ngigi, mtu ambaye hajawahi kucheka tangu azaliwe. Kelele za nyundo humo ni kubwa mno hivi kwamba kuku wa jirani hutaga mayai yaliyokwisha kupasuka.

Aluoch, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amezizoea kelele hizo. Kila asubuhi ya likizo ya Desemba alimpelekea baba yake chupa ya chai, kisha akabaki kuwasaidia mafundi. Kazi yake ilikuwa kufuta masanduku vumbi na mafuta kabla hayajapakwa rangi. Baba yake, Ondiek, ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Alishika nyundo kwa mkono wa kushoto, na sifa zake zilifika hadi Dandora.

Kila sanduku lililokamilika lilipitishwa mbele yake. Ondiek aliligonga mara tatu, akainamisha kichwa, akafumba macho. Mkunjo wa kuunganishia kingo za bati ukifunga vizuri una mlio wake, na uliolegea una mtetemo wa pembeni. Basi yeye alisikiliza, kisha akasema neno moja tu: "Limefunga," au, "Rudisha." Hakuna aliyewahi kumbishia.

Jumatatu moja, wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, Mzee Ngigi aliingia na msichana mrefu aliyebeba nyundo na mkasi wa bati ndani ya kitambaa.

"Huyu ni Lenah, wa Dandora," alisema. "Amesomea kazi ya bati chuoni. Hasikii tangu utotoni. Nimempa wiki moja nimwone."

Ondiek aliweka nyundo chini. "Mzee, kuwa mwanamke si hoja. Mke wangu ana nguvu kunishinda. Lakini kazi hii ni ya masikio."

"Masikio gani, Baba Aluoch?" Fundi mwenzake Mulongo alidakia. "Jana nimekuita mara sita, mwishowe nikakurushia kofia."

"Nilikuwa nawaza."

"Kwa sauti kubwa hivyo?"

Mulongo alikuwa na hoja. Kwa sababu ya kelele, mafundi wa banda lile walikuwa wameacha zamani kuitana kwa midomo. Ngumi mbili zikigonganishwa, mtu ataka nyundo. Kiganja kifuani, chai imefika. Kiganja kikiinuliwa juu, kila mtu asimame, kuna hatari. Kufikia saa nne Lenah alikuwa amezijua ishara zote, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amewafundisha nyingine tatu. Pale ambapo mikono haikutosha, aliandika kwa chaki kwenye kipande cha bati.

Aluoch alimpenda siku ile ile. Lakini kila baba yake aliporudia maneno yale, "kazi hii ni ya masikio," aliinamia masanduku asimtazame. Nyumbani redio iliwashwa kwa sauti kubwa hadi jirani wa ghorofa ya juu akaacha kununua magazeti. Mama alipotaka kusema na Baba, sharti kwanza amguse bega. Baba alikuwa amewaonya: "Haya yabaki humu ndani. Fundi mkuu asiyesikia, nani atamweka kazini?"

Siku ya Alhamisi Aluoch aliharakisha kazi. Wenzake walikuwa wakimngoja kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Alimwaga mafuta ya taa mengi kwenye kitambaa, akayafuta masanduku matano juu na chini. Alipogeuza la mwisho akagundua kosa lake. Chini ya kila sanduku fundi huchora alama yake kwa chaki: Ondiek mstari mmoja, Mulongo miwili, Lenah mitatu. Alama zote tano zilikuwa zimefutika.

Angeweza kuuliza. Badala yake alichukua chaki, akachora kwa kubahatisha, akakimbilia mchezo.

Kesho yake mama mmoja wa Komarock alirudi bandani akiburura sanduku. Mkunjo wa chini ulikuwa umeachana.

"Biskuti za mtoto zote zimemwagika kwenye steji ya matatu," alisema bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Watu wamezikanyaga sisi tukitazama."

Mzee Ngigi aligeuza sanduku. Mistari mitatu.

"Niliwaambia," alisema Ondiek.

Lenah alilichunguza sanduku lile, akatikisa kichwa. Aliandika kwenye bati: *Si langu.*

"Alama ni yako, dada," Mzee Ngigi alisema taratibu, akimwelekezea kidole kwenye ile mistari. "Nina wateja. Sina la kufanya."

Lenah hakulia wala hakubishana. Alitandika kitambaa chake, akaweka nyundo, akaweka mkasi, akaanza kufunga fundo. Kwingine alikoomba kazi walimrudisha langoni. Hapa ndipo pa kwanza palipomruhusu kuingia.

Aluoch alilitazama lile fundo. Akisema ukweli, atagombezwa mbele ya watu wote. Hilo aliliweza. Lakini kama sanduku si la Lenah, ni la nani? Na lilipitishwa na masikio ya nani? Alimtazama baba yake, naye baba yake akaangalia pembeni.

Aliinua kiganja juu.

Nyundo ya Mulongo ilikwama hewani. Banda zima likanyamaza.

"Ile mistari niliichora mimi," Aluoch alisema. "Nilifuta alama za masanduku matano jana, nikaogopa kusema. Nikakisia. Dada Lenah hana kosa, au labda analo, sijui. Hata mimi sijui ni la nani."

Mama wa Komarock alishusha pumzi. Mzee Ngigi akavuta kigoda.

"Chaki imetudanganya. Tuisome nyundo yenyewe."

Alipitisha kidole kwenye mkunjo. Kila pigo huacha kibonyeo kidogo, na kibonyeo huegemea upande wa mkono uliopiga. Hivi vyote viliegemea kushoto. Bandani mle aliyetumia kushoto alikuwa mmoja tu.

"Baba Aluoch, hili ulilipima?"

"Nililipima."

"Ukasikia nini?"

Ondiek alijifuta mikono kwa muda mrefu, ingawa haikuwa michafu.

"Sikusikia kitu, Mzee. Ni mwaka wa pili sasa. Nagonga, nainamisha kichwa, nakisia. Kama huyu binti yangu na chaki yake." Alianza kufungua aproni. "Miaka ishirini na sita ya nyundo. Naona imetosha."

Lenah hakuwa amesikia hata neno, lakini aproni inayofunguliwa haihitaji masikio. Aliacha fundo lake, akavuka banda, akamshika Ondiek kifundo cha mkono. Alikiweka kiganja cha Ondiek juu ya sanduku lisilo na kasoro, kisha akaligonga kwa upande wa pili. Akamhamishia kwenye lile la Komarock, akagonga tena. Ondiek alikunja uso. Lenah akamwashiria afumbe macho, akaleta sanduku jingine.

"Hili linatulia chini ya mkono," Ondiek alisema polepole. "Limefunga."

Likaja la pili.

"Hili linawasha kiganja hapa pembeni." Alifumbua macho. "Rudisha. Ni la nani?"

"Langu," alisema Mulongo. "Sasa mmeanza kunionea."

Mzee Ngigi alicheka hadi akafuta machozi kwa kofia yake.

Mama wa Komarock alipewa sanduku jipya, likapimwa na viganja viwili, cha Lenah na cha Ondiek. Biskuti nazo zikanunuliwa upya. Kisha Mzee Ngigi aliwaita wote.

"Wa kwanza kukosa ni mimi," alisema. "Nilimpa Lenah wiki moja ya kumtazama, sikujipa hata siku moja ya kuitazama kazi yenyewe. Sanduku linataka mkunjo uliofunga, basi. Halijali aliyelifunga ni mwanamke au mwanamume, anasikia au hasikii. Na wewe, Baba Aluoch, umeficha masikio yako miaka miwili kwa sababu banda hili lilimfanya mtu aone aibu kusema. Hiyo nayo ni juu yangu. Jumatatu utaenda kliniki ya masikio, na kuanzia leo kila mtu humu atavaa vizibo masikioni, Mulongo ukiwemo."

"Nitawezaje kusikia utani wangu?"

"Hutakosa kitu." Akamgeukia Aluoch. "Wewe ulikosa ulipokisia, ukakosa tena uliponyamaza. Lakini uliinua mkono kabla Lenah hajatoka mlangoni. Ungengoja mpaka kesho, ukweli wako usingemfaa mtu. Kumbuka hilo. Na masanduku yale matano utayafuta upya."

Aluoch aliyafuta. Safari hii kila fundi aligonga alama yake kwa msumari, isifutike kwa mafuta wala kwa haraka ya mtu. Meza ya Lenah ilihamishwa, ikatazama mlango na mafundi wote, ili aone kila kiganja kinachoinuliwa. Jioni Ondiek aliandamana na binti yake kwenda nyumbani, na alipotaka kusema naye alimgusa bega.

"Nyara," alisema, kama wanavyowaita binti zao kwao, "uliniaibisha leo. Asante."

Nilipomaliza kuandika haya niliyapeleka bandani yasomwe. Lenah alisoma mpaka mwisho, akachukua chaki, akaandika kwenye bati: *Juu umesema Mzee hajawahi kucheka. Chini amecheka mpaka machozi.*

"Na jirani hafugi kuku wa mayai, Babu," Aluoch aliongeza. "Anafuga majogoo matatu."

Niliinua kiganja juu, lakini hakuna aliyesimama. Tulikwenda kwa Nafiso sote sita, Mzee Ngigi akitangulia huku akicheka njia nzima, na viazi nikalipa mimi, pamoja na ukwaju. Nikaweka kiganja kifuani, nikitumaini angalau nitanunuliwa chai. Lenah akanijibu kwa mikono, haraka haraka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema ni wazo zuri," alinitafsiria Aluoch. "Chai pia utanunua wewe."