Nyusi za Trinah

Haya yalimpata rafiki yangu Trinah, binti wa miaka ishirini na sita anayefundisha vijana maigizo na vinyago huko Gatsata. Siku hiyo kila kijana alipakwa plasta usoni na mwenzake ili itoe kinyago. Trinah, aliyebaki peke yake, alijipaka mwenyewe bila kutanguliza mafuta, na plasta ikang'oa nywele nyeusi za nyusi zake.

Wote walipoondoka, alirudi kuchukua mwavuli. Umeme ulikuwa umekatika. Mvua ilipiga mabati, na gizani mtu alihema polepole, kama kupitia vitundu vyembamba.

"Akimana, ni wewe? Ngwino, njoo twende, mvua iko inaongezeka!" Trinah aliita, akidhani ni mmoja wa vijana wake.

Akamulika kwa simu rafuni, vinyago vilipoachwa vikauke, akageuza kinyago chake. Mhemo ukakoma. Nywele zilizonasa ndani zilikuwa nyeupe. Akazisugua kutoa plasta.

Zilikuwa mvi.