Mazoezi ya Nicho

Kila alfajiri Fabiana alibeba ndoo ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa na kwenda kupanga foleni kwenye mashine ya kusaga. Aliporudi, mama yake, Pascuala, alikuwa ameshawasha moto, na baba yake, Macario, alikuwa akisubiri chapati za mahindi ili aende shamba la viazi. Mdogo wake, Nicho, alikuwa amelala mkekani karibu na moto. Alikuwa na miaka minne, na hakuweza hata kuketi.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka mmoja nyuma alikuwa akikimbia uani na kuangusha kila kitu. Kisha homa kali ikampanda kichwani. Alipotoka hospitali, miguu yake ilikuwa imekakamaa, goti likibana goti. Tangu hapo nyumba ile ikakosa kicheko.

Bi Otilia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipanda mlimani kwao mara moja kwa mwezi. Aliwaonyesha wazazi jinsi ya kunyoosha miguu ya Nicho taratibu, asubuhi na jioni. Akawaambia pia wampe maharage na mayai ili apate nguvu. Wazazi waliitikia kwa kichwa, lakini alipoondoka tu, baba alirudi kwenye viazi vyake na mama kwenye ufumaji wake. Mazoezi akaachiwa Fabiana.

Nicho alilia kila alipoguswa. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na baba kila alipokisikia kilio kile alichukua kofia yake akatoka.

"Mwache mtoto, unamtesa," alisema akiwa mlangoni.

Basi Fabiana akapunguza mazoezi, na mwishowe akaacha kabisa. Akiulizwa, alisema amemaliza. Msichana wa miaka kumi na miwili kuachiwa kilio kama kile peke yake ni mzigo mkubwa mno, jamani, lakini uongo ni uongo.

Chakula nacho kilikuwa na kisa chake. Kijijini kwao kila mtu anajua kwamba maharage ni chakula baridi, hata yakiwa yanatoka moshi chunguni, na mwenye ugonjwa wa baridi hapewi chakula baridi. Mama hakuwa na shaka kwamba miguu iliyokakamaa ni ugonjwa wa baridi. Akampa Nicho uji mwembamba wa mahindi, kwa upendo wote, na Nicho akazidi kukonda mbele ya macho yake.

Bi Otilia aliporudi, alimpima uzito Nicho. Kisha alijaribu kutenganisha magoti yake. Mtoto akapiga kelele za maumivu.

"Mazoezi mnamfanyisha?" aliuliza.

"Fabiana anamfanyisha kila siku," baba alijibu.

"Basi sielewi. Amepungua tena, na nyonga zinakaza. Baba Nicho, tukiendelea hivi hataketi maishani mwake. Na kwa uzito huu, hata homa ndogo inaweza kumwondoa."

Mama alijifunika uso kwa shuka akalia. Fabiana angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Simfanyishi," alisema. "Nilidanganya. Akilia siwezi, na baba anatoka. Nabaki naye peke yangu."

Baba aligeuzageuza kofia mikononi. Fabiana alingoja kugombezwa.

"Na mimi maharage simpi," mama alisema kutoka ndani ya shuka. "Wala mayai. Ni vya baridi, Bi Otilia. Ningempaje, na yeye ana baridi miguuni?"

Bi Otilia hakucheka. "Chakula baridi mkitaka kukitia joto, mnafanyaje?"

Mama alipangusa macho. "Tunakaanga kavu, tunasaga. Halafu mdalasini kidogo."

"Hata maharage?"

"Hata maharage." Mama alifikiri kidogo. "Na yai nikilikoroga kwenye uji wa mdalasini, linapata joto pia."

"Basi mpe hivyo, kila siku. Na mtu aliyeingiwa na baridi mwilini?"

"Anaingia chuj," baba alidakia, akionyesha kwa kidevu kibanda cha mvuke kilichokuwa nyuma ya nyumba. "Lakini Nicho hatumwingizi. Tunaogopa."

"Kijoto chepesi tu, kwa muda mfupi, na mumpe maji ya kunywa. Misuli ikipata joto inalegea. Mnyoosheni humo humo. Ila si Fabiana, Baba Nicho. Wewe na mama yake."

Jioni ile baba alipasua kuni mwenyewe. Kibandani alimpakata Nicho, na mama akashika miguu kama alivyofundishwa. Nicho akaanza kulia. Baba aliutazama mlango, na Fabiana, aliyekuwa nje na jagi la maji, akamwona akiutazama. Lakini baba alibaki.

"Nipo, mwanangu," alisema. "Lia tu, siendi popote."

Haikuwa kazi rahisi. Ziko siku ambazo Nicho alitapika ule uji, na siku ambazo mama alikata tamaa kabisa. Lakini mashavu yalianza kujaa, kilio kikapungua, na magoti yakaachana kidogo kidogo. Mvua zilipokwisha, Bi Otilia alifika akamkuta Nicho ameketi mkekani bila kushikwa, uji umemjaa kidevuni.

Mama alianza kumshukuru, lakini Bi Otilia akamkatiza.

"Msinishukuru mimi. Fabiana asingesema ukweli siku ile, ningeondoka nikiamini kwamba mazoezi hayamsaidii. Na mimi huja mara moja tu kwa mwezi. Mtoto huyu ameketi kwa sababu mlimlisha, na mlikubali kumsikia akilia bila kutoka nje."

Baba aliinamisha kichwa, mikono yake ikiwa juu ya magoti ya mwanawe.