Mgeni wa Laini ya Tatu

Mtu anayekufa hapigi hodi. Hicho ndicho kilichomshtua Chuma siku ile ya Jumatatu, saa tisa mchana, alipopokea simu kwenye laini ya tatu akasikia mtu anasema taratibu, kama yuko mlangoni kwa jirani, "Hodi."

Chuma alikuwa na miaka kumi na moja kwenye kile chumba cha simu za dharura. Jina alipewa na madereva wa magari ya wagonjwa kwa sababu halii. Aliwahi kumwelekeza mtoto wa miaka sita jinsi ya kumlaza bibi yake ubavu, neno kwa neno, mpaka gari likafika. Aliwahi kupigiwa na mwanamume anayetaka gari kwa sababu mkewe kamfungia nje na mvua inanyesha.

"Unaumwa wapi?" Chuma akamuuliza.

"Moyo, dada yangu. Moyo."

"Moyo wa hivyo hauna gari. Omba msamaha." Akakata.

Kwa miaka yote hiyo alipokea kila simu kwa maneno mawili tu: "Uko wapi?" Hakuna salamu, hakuna pole. Mahali kwanza. Mtu akishataja mahali, hata simu ikikatika, hata akizimia, gari linajua pa kwenda.

Halafu akaja meneja mpya. Walimwita Tabasamu kwa sababu alibandika ukutani picha za watu wanaocheka. Alitokea hotelini. Kuumwa hakujui, damu haijui, ila wageni anawajua. "Mtu anapiga simu anaulizwa uko wapi kama mwizi," alisema. "Aibu hiyo." Akabandika karatasi mbele ya kila meza: kila anayepiga akaribishwe kwanza, ndipo aulizwe shida yake. Chuma akagoma wiki nzima. Akaandikiwa barua ya onyo. Akaanza kukaribisha huku meno kayauma, na kila "karibu" ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo ile sauti iliposema hodi, mdomo wake ukajibu wenyewe. "Karibu."

"Ahsante," sauti ikasema. "Nimeshaingia."

Simu ikakatika. Kwenye meza ya tatu, ambayo mwenyewe yuko likizo na Chuma alikuwa amesimama kando yake kuipokelea simu, kiti kikashuka kidogo, kwa kile kishindo cha pumzi kinachotolewa na kiti cha ofisini kikikaliwa.

"Umesikia?" Chuma akauliza.

Babu Redio, mzee anayeongea na madereva kwenye redio, alikuwa pale kwenye meza ya pembeni. Alivua miwani, akakiangalia kile kiti. "Nimesikia," akasema kwa sauti ya chini. "Usikiangalie sana."

Jumanne ikaja harufu. Harufu ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo siku tatu. Mama wa usafi alipiga deki mara mbili, haikutoka. Na kila Chuma alipochukua hedifoni za meza ya tatu ili apokee laini ile, alizikuta zina joto, kama mtu kazivua sasa hivi.

Jumatano mwanamume mmoja aliingia mpaka chumbani, shati lake limejaa damu ambayo si yake. Baba yake alianguka toka juu ya paa. Alipiga simu, akaambiwa gari linakuja, akakaa na kichwa cha baba yake mapajani dakika hamsini.

"Nani kati yenu," akasema, na hakupaza sauti, ndiyo maana ilitisha, "nani aliniambia nitulie?"

Walifungua rekodi. Ikasikika sauti ya Chuma, yenyewe kabisa, mpaka kale kakohozi kake ka asubuhi: "Karibu. Tulia. Gari linakuja." Basi. Hakuulizwa mahali. Hakuna gari lililoitwa. Na saa hiyo hiyo Chuma alikuwa laini ya pili, anaongea na mama mwenye mtoto aliyemeza kifungo.

"Sio mimi," Chuma akasema.

"Sauti ni yako," Tabasamu akasema, na bado anatabasamu, kwa sababu yule mtu alikuwa anamwangalia. Mtu alipoondoka, akamgeukia. "Nakupa mpaka Ijumaa unipe maelezo kwa maandishi. Na usiniletee mambo ya majini hapa."

"Nimetaja majini mimi?"

Macho ya Tabasamu yakakimbilia meza ya tatu. Na Chuma akajua kuwa na yeye kasikia kile kiti.

Jioni alimpigia mdogo wake. Ni huyo mmoja tu aliyebaki naye katika tumbo la mama yao. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na daktari alishamwonya: kondo la nyuma limekaa vibaya, ukiona damu usisubiri hata dakika kumi.

"Kaa nyumbani," Chuma akamwambia.

"Dada, nikikaa nyumbani nitahesabu mbao za dari mpaka nipate kichaa. Nazunguka kidogo tu, natafuta nguo za mtoto."

"Ukizunguka niambie unaenda wapi."

"Sawa, polisi."

Alhamisi asubuhi Babu Redio alikuja mapema. Yule mzee alijifunza kusoma mwaka uliopita, darasa la watu wazima, na tangu hapo hakuna maandishi yaliyomponyoka. Alisoma makopo, alisoma vibao vya choo, alisoma mpaka tarehe kwenye dawa. Siku hiyo alisimama mbele ya karatasi ya Tabasamu, kidole kinatembea chini ya kila neno.

"Hiki ulichomwambia yule aliyepiga hodi," akamnong'oneza Chuma, "ulisema kwa moyo wako, au ulisoma?"

"Nilisoma. Nisingesoma ningekuwa sina kazi."

"Basi wewe si mwenyeji. Wewe ni mtoto uliyetumwa kufungua mlango. Angalia hapa chini, herufi ndogo." Akasoma kwa fahari, polepole, kila silabi na nafasi yake. "Kwa ni-a-ba ya wote, mimi me-ne-ja, mwe-nye-ji we-nu." Akashusha kidole. "Kajiandika mwenyewe."

"Kwa hiyo yeye ndiye amfukuze?"

"Mgeni hafukuzwi, mwanangu. Ukimfukuza anakaa kwa hasira. Mgeni anasindikizwa."

Saa tisa na dakika tano taa ya laini ya tatu ikawaka. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea namba ambayo Chuma anaijua kuliko yake mwenyewe. Akarukia hedifoni, na kabla hajagusa chochote taa ikageuka kijani, simu ikapokelewa, na kiti kilichokuwa kitupu kikasogea mbele kwenye meza taratibu, magurudumu yanalia, mpaka ukingo wake ukagusa goti la Chuma, wa baridi, umelowa.

"Karibu, mdogo wangu," ikasema sauti ya Chuma kwenye spika ya meza, na yeye hajafungua mdomo.

"Dada, damu. Nyingi. Nimekaa chini, siwezi kusimama."

"Tulia. Gari linakuja."

"Hujaniuliza niko wapi."

"Lala tu. Usimpigie mtu mwingine. Usikate."

Chuma akavaa hedifoni zile za moto akapiga kelele ndani yake, uko wapi, uko wapi, lakini sauti yake haikwenda popote, ilimrudia masikioni kama kicheko kilichofinywa, na alipobonyeza kukata haikukatika, na Babu Redio alipojaribu kumpigia yule binti kwa simu yake ya mkononi akaambiwa namba inatumika, na nyumbani kwake jirani akasema katoka tangu saa sita hajasema anaenda wapi, na muda wote huo ile sauti, sauti ya miaka kumi na moja iliyowatoa watu motoni na majini, ilikuwa inambembeleza mdogo wake afumbe macho, afumbe tu, anachelewa nini, na mdogo wake alikuwa anaitika, dada, sawa, dada, kila mara polepole zaidi.

Chuma hakulia. Alisimama, akavuka ukumbi, akafungua mlango wa Tabasamu bila kubisha.

"Njoo umtoe mgeni wako."

"Dada, niko kwenye kikao cha simu."

Akamshika ukosi wa shati. Vifungo viwili vikaruka. Akamkokota ukumbini, mtu mzima na tai yake, mbele ya watu wa stoo, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona Chuma na sura ile.

"Mimba ya mdogo wangu inamwagika," akamwambia, midomo karibu na sikio lake. "Baba wa watu kafa jana kwenye mapaja ya mwanawe. Wewe ulikuwa unahesabu tabasamu. Sasa utavaa hizi, utamwambia huyo uliyemkaribisha: twende nikusindikize. Maneno hayo hayo. Usipoyasema, naapa, sitakuachia hili shati mpaka walivue pamoja na ngozi."

"Huu ni wazimu," Tabasamu akasema, lakini kwa kunong'ona. Macho yake yalikuwa kwenye kiti. Kile kiti kilikuwa kimemgeukia.

"Sema, bwana mdogo," Babu Redio akamwambia kwa upole. "Mwenyeji ni wewe."

Tabasamu akavaa hedifoni. Akajilazimisha kucheka, kama anayemridhisha mlevi. "Haya mgeni," akasema. "Twende nikusindikize."

Redio ikaacha kukoroma. Kiti kikapanda juu na ile pumzi yake, harufu ikawapita karibu kabisa, mbichi, nzito, na mkono wa kulia wa Tabasamu ukainuka taratibu, vidole vikajikunja kama vimeshikwa na vidole vingine. Akaangalia mkono wake. Akamwangalia Chuma. Akatembea mpaka mlangoni, akatoka.

Chuma alikuwa ameshamvua hedifoni, akazivaa. "Uko wapi?"

Zilisikika pumzi tu, fupi fupi.

"Mdogo wangu. Uko wapi?"

"Dada." Sauti ilitoka mbali sana. "Mbona umebadilika?"

"Niko mimi sasa. Uko wapi? Unaona nini?"

"Ngazi. Duka la vitambaa... mlango wa bluu. Nyuma ya kituo cha mabasi."

Babu Redio alikuwa ameshabonyeza. "Namba nne, namba nne, nyuma ya kituo cha mabasi, duka la vitambaa, mlango wa bluu, mama anatoka damu. Usiniulize, kimbia."

Mdogo wake alifikishwa hospitali. Walimpasua saa kumi kasorobo. Mtoto alitoka mdogo kama kiatu, lakini analia, na mama yake alizinduka usiku akauliza nani alikuwa anamwambia alale.

"Usiulize," Chuma akamjibu. "Kunywa maji."

Tabasamu hakurudi ofisini siku ile, wala ya pili. Mlinzi wa getini alisema alimwona anapita, mkono umenyooka pembeni, anaongea na hewa kwa adabu zote. "Nilimsikia anasema, basi, hapa panatosha, mimi nirudi. Akasimama kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea. Alivyogeuka kona alikuwa anasema tena hivyo hivyo."

Babu Redio alisikiliza mpaka mwisho. "Sikumwambia lile la mwisho," akasema. "Anayesindikiza harudi mpaka mgeni mwenyewe amwambie rudi."

"Ulisahau?"

Mzee akasafisha miwani. Chuma hakumuuliza tena. Alichana karatasi zote nane za Tabasamu. Mke wa Tabasamu alikuja mara mbili, mwanamke mpole, na mara zote mbili aliwaomba radhi kwa usumbufu. Chuma alimpa kiti. Hasira haikumwisha; alipomwona yule mama anaomba radhi ikamzidi, maana hata mtu wa kumkasirikia alikuwa ameshamwondoa mwenyewe.

Wiki ya tatu, saa tisa mchana, laini ya tatu ikaita. Namba ya Tabasamu. Simu ambayo haijachajiwa wiki tatu.

"Uko wapi?" Chuma akauliza.

"Sijui." Sauti ilikuwa imekauka kama ubao. "Kuna barabara tu. Nimemwambia nina mke. Anasema mbele kidogo."

"Kuna kibao? Kuna nyumba? Nipe kitu chochote, nikutumie gari."

"Viatu vimeisha, dada."

Babu Redio alikuwa ameshika redio, kidole kwenye kitufe, anasubiri aambiwe mahali. Chuma akamwangalia, akatikisa kichwa. Hakukata. Alifunga macho akaongeza sauti kwenye hedifoni, atafute muadhini, honi, mbwa, chochote ambacho dereva angeweza kukifuata. Hakukuwa na kitu. Zilikuwa hatua tu, za watu wawili, sambamba, hazina haraka. Mmoja alikuwa anahema. Mwingine hahemi.